Barua kwa mdogo wangu unayekwenda kukimbia Honolulu: hiyo 3:59 ibandue ukutani

Marahaba mdogo wangu. Salamu zako nimezipata na picha ya usajili wa marathoni ya Honolulu, kule kisiwani Hawaii, nimeiona, hongera sana, kiukweli nlikaa kimya kama dakika nzima nikiiangalia maana najua umelisubiri hili tangu siku ile nimerudi kutoka kule ukanikuta nimeweka miguu kwenye beseni, malengelenge vidole vyote, ukaniuliza "hivi na mimi naweza?" Unaweza. Hilo sina wasiwasi nalo hata kidogo.

Sasa juzi mama mdogo kanipigia, anafurahi mpaka sauti inapanda, akaniambia umebandika karatasi ukutani juu ya kitanda imeandikwa 3:59, yaani unataka kumaliza zile kilomita 42 kwa masaa matatu na dakika 59. Toka siku hiyo sijatulia. Nlitaka nikupigie nikaona kwa simu utanijibu "sawa dada" alafu karatasi inabaki palepale, ndo maana nakuandikia, na naandika wazi kwasababu kila mwaka ikikaribia Desemba kuna watu wawili watatu wananiuliza mambo haya haya, basi wasome na wao.

Mdogo wangu, kisiwani hakuendwi kutafuta muda. Muda utafute kwenye mji tambarare wenye baridi, kisiwani nenda ukimbie kisiwa.

Mi mara ya kwanza nlikuwa na karatasi kama yako, sema yangu ilikuwa 3:50 na nlikuwa nimeiandika kwa kalamu mkononi kabisa. Nlifika Ijumaa, mbio Jumapili. Jumamosi nikatembea ufukwe wa Waikiki kuanzia asubuhi mpaka jua linazama maana ndo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona bahari ya rangi ile, nikajiambia miguu ipo tu. Jumapili saa kumi na moja alfajiri wakaturuhusu, giza totoro, fataki zinapasuka juu ya vichwa vyetu, maelfu ya watu wanapiga kelele kwa lugha ambazo nyingine sizijui, Wajapani ni wengi mno, na mimi nikatoka kama niko kwenye mita mia nane. Na ubaya ni kwamba mwanzoni inakubali! Giza, hakuna jua, mnapita katikati ya mji kwenye taa za Krismasi, mnarudi Waikiki, unaangalia saa unaona uko mbele ya mpango dakika mbili, unasema leo ndo leo.

Kilichonikuta baada ya hapo ntakueleza, ila kwanza nikuambie kuhusu Jimmy Muindi.

Huyu ni Mkenya, kaishinda Honolulu mara 6 kati ya 1999 na 2007. Sita! Hizi mbio zipo tangu 1973 na Wakenya wamezifanya kama za kwao tangu Ibrahim Hussein alivyoshinda mara tatu mfululizo, 1985, 1986 na 1987, lakini kama kuna mtu aliyeijua barabara ile ni Muindi. Mwaka 2004 akakimbia saa 2, dakika 11 na sekunde 12, ikawa rekodi ya njia ile na ikakaa mpaka 2016. Miezi minne tu baadaye, April 2005, akaenda Rotterdam, tambarare na hewa ya baridi, akashinda kwa saa 2 na dakika 7 na kitu. Mtu yuleyule, mapafu yaleyale. Kama kisiwa kilikuwa kinamla Muindi zaidi ya dakika tatu, na yeye yuko barabarani masaa mawili tu na anamaliza jua ndo kwanza linachomoza, we na mimi ambao tunakaa juani mpaka saa tatu saa nne asubuhi kitatula ngapi? Hiyo hesabu ndo ningeomba uibandike ukutani.

Usidhani ni joto la kutisha. Desemba kule alfajiri ni kama nyuzi 21, mchana ni 26 au 27, mtu wa pwani anaweza kukucheka. Shida ni unyevu. Jasho linakupoza pale linapokauka, sasa hewa ikishajaa maji jasho halikauki, linatiririka tu linaingia kwenye raba na mwili unabaki na moto wake. Moyo nao unapata kazi mbili, kupeleka damu kwenye miguu ikimbie na kupeleka damu kwenye ngozi ikapoe, kwa hiyo kasi ambayo huku asubuhi na baridi unaongea nayo vizuri kabisa, kule mapigo yako juu na huelewi kwanini. Hujaishiwa mazoezi. Damu imegawanywa tu.

Habari njema ni kwamba mwili unajifunza haraka kuliko tunavyofikiri, siku 10 mpaka 14 za kufanya mazoezi kwenye joto na damu yenyewe inaongezeka maji, jasho linaanza kutoka mapema na chumvi yake inapungua. Kwa hiyo wiki zako mbili za mwisho kabla ya safari acha kukimbia alfajiri, kimbia saa saba mchana polepole kabisa, au vaa fulana mbili, au ukimaliza mazoezi ukae kwenye maji ya moto kama nusu saa hivi (siyo ya kukuunguza, na ukisikia kizunguzungu toka, na usikae peke yako nyumba nzima). Mara ya pili nlifanya hivyo na tofauti niliiona mwenyewe.

Alafu fika mapema. Honolulu iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa masaa 13, yaani wao wakianza mbio saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili, huku ni saa kumi na mbili jioni hiyohiyo Jumapili, mwili wako unataka kuoga ukale ulale na we unauambia kilomita 42. Watu husema kila saa moja ya tofauti ni kama siku moja ya kuzoea, sikwambii ukae siku kumi na tatu, najua likizo yako ilivyo, lakini siku tisa nlizokaa mimi mara ya pili zilinitosha. Siku mbili za mara ya kwanza zilikuwa kama sijafika bado. Na visa ni ya Marekani, Hawaii ni jimbo lao kama mengine, kwa hiyo anza sasa hivi, usiniambie mwezi wa kumi kwamba unasubiri tarehe ya kuhojiwa.

Tuirudie barabara. Ukitoka Waikiki unapandisha Diamond Head, wenyeji wanauita Lēʻahi, ni mdomo wa volkano ya zamani na jina hilo la almasi lilitoka kwa mabaharia wa Kiingereza walioona mawe yanang'aa wakadhani wametajirika. Kilima chenyewe siyo kirefu. Ukikipita unaingia Kahala, mtaa wa majumba makubwa na miti, alafu ndo inakuja barabara kuu ya Kalanianaole na hapo ndo mara ya kwanza nlipopotelea. Ni ndefu, imenyooka, unakwenda nayo mpaka mtaa wa Hawaii Kai unazunguka kule unarudi nayo hiyohiyo. Unakwenda mashariki, jua linachomoza usoni kama saa moja hivi, na upepo wao unatoka kaskazini mashariki, mtu wa bahari angeuita kaskazi tu, unakupiga kifuani. Watu wanaulalamikia. Mimi nakwambia ule upepo ushukuru, maana ukishageuka Hawaii Kai unakuwa mgongoni, unakwenda karibu sawa na wewe, na ghafla hewa inakufa, jua linakuchoma shingo kwa nyuma na hakuna kinachopuliza. Kila mtu atakuambia sehemu ngumu ni kilima, kumbe ni pale ulipogeuka ukafurahi kwamba sasa unarudi.

Mi nligeuka na kama kilomita 25. Kufika 28 natembea. Siyo kwamba niliumia, hapana, miguu ilikuwepo, ila nlikuwa nasikia baridi juani, vinyweleo vimesimama, mama mmoja wa makamo kwenye kituo cha maji akaniangalia machoni akanishika mkono akaniketisha kwenye kiti akanimwagia maji ya barafu shingoni na kwapani bila kuniuliza, akaniuliza jina langu, akaniuliza leo siku gani. Nikalia pale mdogo wangu. Sikulia maumivu, nlikuwa nalilia ile 3:50 mkononi ambayo jasho lilishaifuta nusu. Nlikaa karibu dakika ishirini na ndo mara ya kwanza asubuhi ile nikaona bahari ilikuwa pale pembeni yangu muda wote. Ukisikia baridi kwenye jua, simama, kaa, sema kwa sauti kwamba hujisikii vizuri. Hilo siyo ombi, ni amri ya dada yako.

Nlimaliza kwa 5:22. Na hapa kuna kitu nakipenda sana kuhusu mbio hizi: hakuna muda wa kufunga. Hawafungi barabara ukaambiwa panda basi, mtu wa mwisho anasubiriwa hata kama ni jioni. Kuna wazee, kuna maharusi, kuna watu wanatembea mwanzo mwisho na wajukuu zao, na wote wanavishwa medali ileile. Mbio iliyojengwa hivyo we unaiendea na 3:59 ya nini?

Maji, hili sikiliza vizuri maana mama mdogo kaniambia umeshaanza kunywa lita sijui ngapi kwa siku. Usinywe kwa kuogopa. Maji mengi kupita jasho yanazimua chumvi ya damu na hiyo inaua kama joto linavyoua. Mwaka 2002 kule Boston walipima damu ya wakimbiaji 488 baada ya kumaliza, asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini kuliko inavyotakiwa, na waliokuwa hatarini zaidi ni walionywa sana mpaka wakamaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza, na wale wa polepole wanaokaa barabarani zaidi ya masaa manne. Yaani sisi. Kunywa ukisikia kiu, changanya na kinywaji chenye chumvi, maji mengine jimwagie kichwani. Ila ukijimwagia inamisha kichwa mbele yasishukie kwenye raba, malengelenge yale uliyoyaona chanzo chake ni hicho tu, sponji za baridi nlizokuwa najikamulia kifuani kila kituo.

Mafuta ya kuzuia jua angalia yameandikwaje kwa nyuma, tangu Januari 2021 Hawaii imezuia kuuza yale yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kwasababu yanadhuru matumbawe. Paka mapema kabla hujatoka chumbani, masikio na shingo ya nyuma usisahau, umeshajua kwanini. Vaselini kwapani na mapajani. Raba uwe umeshazikimbilia. Namba ya kubandika kifuani chukua siku za kabla, usisubiri Jumapili. Mengine utayaona mwenyewe.

Mara ya pili sikuvaa saa kabisa. Nliiacha chumbani, nikakimbia kwa pumzi: kama siwezi kusema sentensi nzima napunguza, basi. Kilima cha kwanza nlitembea, watu wananipita, nawatakia heri. Na kwasababu sikuwa naangalia mkono wangu niliona mambo, mdogo wangu. Kunapambazuka pale mwanzo wa Kalanianaole, mbingu imekuwa ya zambarau, ghafla upande wa pili zinatokea pikipiki za polisi na nyuma yake Wakenya wawili wanarudi, wenzetu walishafika Hawaii Kai wakageuka, wanakwenda bila kelele yoyote, unasikia raba tu tap tap tap, na barabara nzima ya upande wetu watu wakaanza kupiga makofi huku wanakimbia. Mi nikapiga kelele ya Kiswahili, "twende kaka!" na mmoja akageuza macho. Nusu sekunde. Sitaisahau mpaka naingia kaburini, na mara ya kwanza walipita palepale na mi sikuwaona maana nlikuwa napiga hesabu ya dakika.

Kule Hawaii Kai ulipo mzunguko watoto walikuwa wanapiga ngoma. Kwenye kurudi nlijua hewa itakufa nikapunguza kabla haijafa. Diamond Head ya pili, kama kilomita ya 39, nlitembea tena, nikasimama kabisa juu nikaangalia chini, bahari yote ile na watu wanateleza kwenye mawimbi kama hakuna kinachoendelea. Alafu ni mteremko mpaka bustani ya Kapiolani. Nimemaliza naambiwa 4:41, na nlikuwa na nguvu ya kwenda kuingia baharini na medali shingoni.

Mwaka huu sikimbii, goti bado, lakini nimeshaongea na shemeji yako na ntakuja. Ntakuwa mwisho wa mteremko kabla ya bustani, upande wa baharini, nimefunga khanga ya njano kichwani unione kwa mbali, na ntakuwa nimekushikia kandambili zako. Sitakuuliza umetumia muda gani. Ntakuuliza kama uliwaona wakirudi.

Mama mdogo mwambie nimeandika, na karatasi akupige picha ukiibandua anitumie.

Dada yako.