Beshear bado hajapimwa nje ya Kentucky

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa nani atapeperusha bendera ya chama cha Democratic katika uchaguzi wa urais wa Marekani mwaka 2028, nikimlenga Andy Beshear, gavana wa hapa Kentucky, ambako wengi wetu tuzungumzao Kiswahili tumefanya makao, hasa mjini Louisville.

Wanaompigia debe wanasema ameshinda mara mbili mahali ambapo chama chake hushindwa, na hilo ni kweli. Mwaka 2019 alimbwaga Matt Bevin, gavana wa wakati huo kutoka chama cha Republican, kwa kura zipatazo 5,000 tu, na mwaka 2023 akamshinda Daniel Cameron, naye wa Republican, kwa tofauti ya asilimia tano hivi, ilhali Donald Trump alilitwaa jimbo hilohilo kwa tofauti ya asilimia zipatazo 26 mwaka 2020 na 30 mwaka 2024. Hata hivyo, Bevin alikuwa amejitafutia ugomvi na walimu kuhusu pensheni zao, na jina la Beshear halikuwa geni, kwa kuwa baba yake, Steve, alikuwa gavana kuanzia 2007 hadi 2015. Isitoshe, Kentucky humchagua gavana mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa urais, hivyo mpiga kura humpima mgombea mwenyewe bila kusukumwa na kampeni za kitaifa.

Sifa yake ambayo hata wapinzani wake huona taabu kuikana ni kufika penye msiba. Kimbunga cha Desemba 2021 kilipoubomoa mji wa Mayfield, na kuuharibu Dawson Springs alikokulia baba yake, alikuwa pamoja na wafiwa. Na mafuriko yalipoua watu mashariki mwa jimbo Julai 2022, alikwenda huko pia.

Lakini faraja si sera. Bunge la jimbo limo mikononi mwa Republican, na kwa katiba ya Kentucky wingi wa kawaida wa wabunge unatosha kuitangua kura ya turufu ya gavana. Kwa hiyo mengi aliyoyapinga yamekuwa sheria bila yeye kuweza kuyazuia. Wanachama wa Democratic watakaopiga kura za mchujo watataka kujua amejenga nini, mbali na alichokataa kutia saini.

Na umaarufu wa nyumbani hausafiri kirahisi. Ron DeSantis wa Republican alichaguliwa tena kuwa gavana wa Florida mwaka 2022 kwa tofauti ya asilimia 19, kisha akajitoa katika mbio za urais Januari 2024, mara tu baada ya mchujo wa kwanza wa chama chake, uliofanyika katika jimbo la Iowa. (Wakenya nao wanajua kwamba tangu 2013 hakuna gavana wa kaunti aliyeingia Ikulu.)

Muhula wa Beshear unakwisha Desemba 2027. Kabla ya hapo ningependa kumsikia akieleza, kwa takwimu na si kwa visa vya huruma, angefanya nini kuhusu gharama za matibabu na uhamiaji, mambo mawili ambayo majirani zangu huyazungumza kila siku.

Msomaji wako,
Louisville, Kentucky