Wanangu waandishi wa programu, kabla hamjazindua nyingine

Wanangu,

Wiki iliyopita kijana mmoja ninayempenda kama wa kumzaa alinionyesha kazi yake mpya: maktaba ya programu huria, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ambao yeyote anaweza kuuchukua na kuutumia, ya kupokea malipo ya M-Pesa. Nikampongeza, kisha nikamwambia tukae tutazame zilizopo. Tangu Safaricom wafungue Daraja, njia ya kuunganisha programu na M-Pesa, mwaka 2017, maktaba za namna hiyo zimeota kama uyoga, za lugha za PHP, za Python, za JavaScript. Tukafungua moja baada ya nyingine. Nyingi hazijaguswa kwa miaka. Watu wameuliza maswali, wenyewe hawapo. Nimeumia, ndiyo maana naandika: kabla ya kuanzisha yenu, rekebisheni iliyopo.

Nisikilizeni. Mama mmoja muuza vitenge wa Mwembe Tayari aliniita kwa sababu mfumo wake wa malipo ulikuwa ukikataa wateja. Anaandika namba ya mteja, inaanza na 0110, mfumo unajibu kwamba namba si sahihi. Mteja anarudisha kitenge mezani, anaenda zake. Nilipofungua msimbo nikakuta mstari mmoja wa kukagua namba: lazima ianze na 2547, yaani 254 ya Kenya kisha 7. Namba za 01 zilianza kutolewa Kenya mwaka 2019. Aliyeandika mstari ule aliuandika kabla ya hapo, simlaumu. Lakini kwenye ukurasa wa maktaba ile watu walikuwa wameshalalamika jambo hilo hilo, na mmoja akaandika kwamba amechoka kungoja, ametengeneza yake. Nikaifungua yake. Mstari ule ule! Ameunakili na kosa lake. Dawa ilikuwa kuruhusu 1 pale palipokuwa na 7. Watu wote wale walipita pale, na hakuna aliyeinama kuokota.

Najua kwa nini. Kupeleka marekebisho kwa mwenzako kunatisha. Unasoma msimbo usioujua, unaandika majaribio, unakosolewa mbele za watu, unarudia. Marekebisho yangu ya kwanza yalirudishwa mara nne na mtu ambaye sijawahi kumwona hadi leo. Nilikasirika sana. Lakini kwa zile mara nne nilijifunza kuandika msimbo ambao mwingine anaweza kuusoma, somo ambalo darasani sikulipata.

Wala lawama si zenu peke yenu. Nchi yetu inapenda kuzindua. Utepe unakatwa, bamba lenye jina la mheshimiwa linapigwa ukutani, mwaka wa pili bomba limekauka na hakuna fungu la kununua hata koki. Nyinyi mmekulia humo. Mashindano yanatoa zawadi kwa kitu kipya, mwajiri anahesabu nyota ulizopewa na watu kwenye GitHub, mtandao wa kuhifadhi msimbo, na aliyekesha akirekebisha cha mwenzake haulizwi chochote. Waajiri, nanyi mnanisikia.

Na wanaotunza kazi hizi ni binadamu. xz, programu ya kubana mafaili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux, ilitunzwa kwa miaka na mtu mmoja, kwa kujitolea, naye akachoka. Akajitokeza msaidizi mwenye bidii, akaaminiwa, kumbe anatengeneza mlango wa siri wa kuingilia mashine za watu. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa programu, aliugundua kwa kushangaa tu kwamba kuingia kwenye mashine kumechelewa kama nusu sekunde. Huwa najiuliza mambo yangekuwaje kama watu wema watano wangemwendea yule mchovu mapema.

Kuanzisha upya kuna siku yake: mwenyewe hajibu kabisa, au amekataa, au jambo lenyewe halijawahi kufanywa. Ukifika hapo, anzisha kwa moyo wote, nami nitakuwa wa kwanza kuitumia.

Kwako kijana wangu wa wiki iliyopita: sikukuvunja moyo kwa ubaya. Ile sehemu yako inayoshughulikia malipo yaliyokatika katikati ni nzuri kuliko zote nilizoona. Jumamosi njoo nayo nyumbani, tutafute maktaba ambayo mwenyewe bado anajibu, tumwandikie pamoja. Chai ipo.