Kijiti cha mkojo hakitoshi: barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: KUPIMA SUKARI YA DAMU KWA WAJAWAZITO NA KUFUATILIA UZITO WA WATOTO WAO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kliniki nyingi za wajawazito bado zinatafuta sukari kwa kuchovya kijiti kwenye mkojo. Kijiti hicho hukosea pande zote mbili. Figo za mjamzito huachia sukari kirahisi, hivyo mama asiye na tatizo anaweza kuonekana analo. Na mwenye kisukari cha mimba, ambaye sukari yake imepanda kiasi tu, huambiwa yuko salama akarudi nyumbani.

Tumboni mambo huenda hivi. Kuanzia katikati ya mimba, homoni za kondo la nyuma huipunguzia nguvu insulini ya mama, ile homoni inayoshusha sukari ya damu. Sukari inayozidi huvuka kondo kumfikia mtoto, insulini ya mama haivuki. Kongosho la mtoto hulazimika kutengeneza insulini kwa wingi, nayo humjaza mafuta. Huzaliwa na kilo 4 na ushee, bega huweza kukwama, na kitovu kikishakatwa sukari yake huporomoka. Watu humpongeza mama kwa kujifungua bonge la mtoto. Sisi tungeuliza kwanza sukari ilikuwa ngapi.

Utafiti wa kimataifa uitwao HAPO uliwafuatilia watoto hadi umri wa miaka 10 hadi 14. Waliokuwa na unene wa kupindukia walikuwa asilimia 19.1 kwa mama waliokuwa na kisukari cha mimba, na asilimia 9.9 kwa wengine. Uzito wa mama ulipozingatiwa pengo lilipungua, lakini halikufutika. Utafiti huo haukuwa na kituo hata kimoja Afrika, na hiyo ni sababu ya sisi kuweka kumbukumbu zetu wenyewe.

Tunaomba kipimo cha damu kati ya wiki ya 24 na 28. Mama aje hajala kwa saa 8 hadi 14, maji anywe. Damu ya kwanza ikifika milimoli 5.1 kwa lita, jibu limepatikana na hakuna haja ya kumnywesha chochote. Isipofika, anywe gramu 75 za glukosi kavu katika mililita 250 hadi 300 za maji, ndani ya dakika 5, kisha akae, asitumwe sokoni. Damu ichukuliwe tena baada ya saa 1 (kikomo 10.0) na saa 2 (kikomo 8.5). Namba moja ikifika kikomo, inatosha. Akitapika, kipimo kirudiwe siku nyingine.

Makosa mengi hutokea kwenye vitu vidogo. Poda ipimwe kwa mizani, si kwa kijiko. Na kama ni ile yenye maji ndani ya chembe zake, zinahitajika gramu 82.5. Halafu kuna kichupa. Damu iliyoachwa mezani huendelea kula sukari yake, asilimia 5 hadi 7 kila saa, na dawa iliyomo kwenye kichupa cha kifuniko cha kijivu haizuii hilo papo hapo. Sampuli ya saa 2 asubuhi ikisubiri pikipiki hadi saa 5, 5.4 itasomeka chini ya 5.1. Barafu na mashine ya kuzungusha damu ndani ya nusu saa ndiyo dawa yake.

Lishe, kutembea na, ikibidi, insulini hupunguza uzito wa kuzaliwa. Lakini watoto wa mama waliotibiwa katika majaribio ya Australia na Marekani, walipopimwa miaka kadhaa baadaye, hawakuonyesha wazi kuwa na unene pungufu. Kwa hiyo kazi haiishii leba. Jibu la mama liandikwe kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, palepale karibu na uzito wa kuzaliwa. Mama arudie kipimo cha gramu 75 siku ya chanjo ya wiki 6, akiwa ameambiwa tangu wodini asinywe chai asubuhi hiyo. Na kwa kuwa kadi huachwa mtoto akifika miaka 5, ilhali unene huu mara nyingi hujitokeza umri wa shule, tunaomba watoto hawa wapimwe uzito na urefu angalau mara moja kwa mwaka hadi darasa la saba.

Kisanduku kimoja kwenye kadi kinaweza kuingia toleo lijalo la uchapaji. Tungependa kuanza na hicho.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wakunga, wataalamu wa maabara na maofisa lishe