Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Tumehojiwa vya kutosha

Ndugu wanachama, wazazi na walezi, ndugu wageni waalikwa,

Katiba ya chama chetu cha watu wenye ulemavu inanitaka niwasomee taarifa ya mwaka. Mambo ya fedha atayasoma mhazini, na hesabu zimebandikwa pale mlangoni kwa maandishi makubwa. Wasioona wamepewa za nukta nundu. Ambaye hajapata amwone katibu kabla ya chakula. Mimi nitajikita kwenye jambo lililotula muda kuliko yote mwaka huu, nalo ni utafiti.

Mnajua wenyewe. Watafiti wanafika hapa Mbeya kutoka vyuo vyetu, kutoka Dar es Salaam na kutoka nje ya nchi. Wanakuja na vishikwambi na fomu za ridhaa, tunaweka dole gumba, tunaulizwa tunakula mara ngapi, nani anatuogesha, kama tumewahi kuwaza kufa. Kisha gari linaondoka, na ndiyo imetoka hiyo. Sisemi watafiti ni watu wabaya. Bila takwimu hakuna bajeti, na bila bajeti sisi ndio wa kwanza kusahaulika. Lakini mtu akiulizwa maumivu yake mwaka nenda mwaka rudi, asiambiwe hata siku moja kilichoonekana, hufika mahali anajibu ilimradi amalize. Na jibu la ilimradi likishaingia kwenye kompyuta linafanana na majibu mengine yote.

Nitatoa mfano mmoja, bila kumtaja mtu wala taasisi. Walikuja wahojaji wa afya ya akili kwenye ofisi ya mtaa, na yale maswali tisa yanayotumika nchi nyingi kupima sonona, yale yanayouliza mambo ya wiki 2 zilizopita: umekosa hamu, umekosa usingizi, umejiona hufai. Mwanachama wetu mmoja, ambaye ni kiziwi, alikaa kwenye benchi zamu yake ilipofika. Mkalimani wa lugha ya alama hakuwapo. Mhojaji akamgeukia kaka yake. Kaka akajibu, "Huyu hana shida, anakula vizuri tu." Swali la pili, kaka. La tatu, kaka. Dada ameweka mikono mapajani, anafuata midomo yao wawili. Swali la tisa, lile la kuwaza kwamba ni afadhali kufa au kujidhuru, kaka akalijibu nalo, "Hapana," wala hakugeuka kumtazama dada yake. Mkalimani wetu alipokaa naye baadaye, yeye na yeye tu, majibu yalikuwa mengine kabisa. Sasa anahudhuria kliniki, na ameniruhusu nilisimulie hili bila jina lake. Huko kwenye utafiti ule, bado anahesabika mzima wa raha zake.

Kwa hiyo mtu akinionyesha asilimia ya watu wenye sonona katika kata fulani, swali langu la kwanza ni: nani alijibu?

Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Ni namba kubwa na tunaitumia kila tunapokwenda halmashauri. Ila wanachama wetu wenye kifafa wana jambo la kuwaambia watu wa takwimu. Yapo maswali sita yanayotumika dunia nzima kutambua ulemavu: unapata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana? Mtu ambaye kifafa humwangusha mara moja kwa mwezi, siku nyingine zote anaona, anasikia, anatembea, anaogea mwenyewe. Atajibu "hapana" mara sita, kwa ukweli kabisa. Na mtu huyo huyo hapewi mtoto ambebe, hapewi jembe la kukodi, harusini anakalishwa kwenye mkeka wa peke yake. Ulemavu wake uko kwa majirani zake, na hao hawaulizwi.

Hapo kwenye kifafa nitakaa kidogo, maana ndipo tulipopata kitu.

Mwaka huu mtafiti mmoja alirudi. Alikuwa amechukua taarifa zetu huko nyuma, na badala ya kutuma ripoti ya kitaalamu ambayo ingelala kabatini kwa katibu, alikuja mwenyewe siku ya kikao cha walezi, akafunga picha ukutani na kuanza kueleza. Picha ilikuwa ya nyama ya nguruwe iliyokatwa, ndani yake kuna vifuko vidogo vyeupe kama punje. Wengi waliguna, kwa sababu tumeshaviona. Kitimoto ya pembeni mwa barabara huwa haikaguliwi na mtu.

Alichotueleza ni hiki. Wataalamu wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na wenzao wamemfuatilia tegu wa nguruwe kwa miaka mingi, Mbozi na huku kwetu Mbeya, kwa sababu kanda hii inafuga nguruwe sana na wengi wao wanarandaranda. Ukila nyama yenye vifuko hivyo bila kuiva, tegu anakua tumboni mwako. Mayai yake yanatoka na choo. Mayai hayo yakirudi mdomoni mwa mtu, kwa mikono au maji au mboga, yanaangua, na viluwiluwi vyake vinaweza kusafiri kwa damu mpaka kwenye ubongo na kujenga vifuko huko. Kifafa kinafuata. Shirika la Afya Duniani linasema maeneo mengi ambako watu na nguruwe wanaozurura wanaishi pamoja, kiasi cha asilimia 30 ya kifafa kinatokana na tegu huyu, na kwenye jamii zilizo hatarini zaidi inaweza kufika asilimia 70.

Mama mmoja akasimama. "Mimi ni Msabato, nyumbani kwangu nguruwe haingii hata kwa harufu. Mbona mwanangu anaanguka?" Ukumbi ukatulia, na nadhani ndilo swali bora lililoulizwa kwenye kikao chochote mwaka huu. Jibu lilikuwa kwamba anayekula nyama ndiye anayepata tegu wa tumboni, lakini mayai hayaulizi dini. Jirani mwenye tegu akijisaidia shambani, au akipika bila kunawa, kifuko kinaweza kumpata mtoto ambaye hajawahi kuonja kitimoto. Mtafiti akaongeza, na hili nalisisitiza, kwamba si kila kifafa ni tegu. Kuna watoto walioumia wakati wa kuzaliwa, kuna malaria ya ubongo, kuna vijana walioanguka na bodaboda wakaumia kichwa. Mtu asitoke hapa akamwambia mwenzake "wewe ni minyoo." Tutakuwa tumetoka kwenye uchawi tukaingia kwenye tusi jipya.

Lakini oneni kilichotokea baada ya hapo. Miaka yote tumehubiri kwamba povu la mtu mwenye kifafa haliambukizi, na watu walitusikiliza kwa adabu kisha wakaendelea kukimbia mtu akianguka, hata akiwa anaangukia moto. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Uporoto mnaijua, kila nyumba imezunguka jiko. Makovu ya wenzetu wengi ni ya miezi hiyo. Kusema tu "haiambukizi" hakukutosha, kwa sababu mtu akiondolewa maelezo aliyonayo anataka mengine ya kushika. Walipopewa tegu, choo na banda la nguruwe, baba mmoja aliyekuwa amemtoa binti yake shule alimrudisha. Mabwana mifugo wa kata mbili wamekubali kutembea nasi nyumba kwa nyumba kuhimiza kufungia nguruwe. Sikutegemea chama cha watu wenye ulemavu kingekuwa kinahesabu mabanda ya nguruwe, ila ndiko tulikofika.

Dawa ni habari nyingine. Fenobabitoni ni ya bei ndogo na imetumika duniani zaidi ya miaka 100, lakini kwenye zahanati kadhaa iliisha, na kwa mtu anayetoka milimani nauli ya kuifuata mjini inapita bei ya dawa yenyewe. Narudia kwa walezi: dawa hii haikatishwi ghafla. Ukiona vidonge vinakaribia kuisha, piga simu kwa katibu mapema, usisubiri bakuli liwe tupu. Kukatika ghafla kunaweza kuleta degedege la mfululizo, na hilo linaua.

Sasa sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya 2010 inatafsiri ulemavu kuwa ni kupoteza au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine, kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Za kijamii, jamani. Bunge letu liliandika hivyo. Bado mwaka huu wanachama wawili, mmoja mwenye kifafa na mwingine aliyewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, walipokwenda kuomba mkopo wa ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu, waliambiwa dirishani kwamba wao ni wagonjwa, si walemavu, wakatibiwe kwanza. Mikopo hii haina riba, ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarudi 2024, na tulikuwa tumeisubiri kwa hamu. Tumeandika barua tukiambatanisha ukurasa wa sheria. Mmoja amekubaliwa. Wa pili tunaendelea naye.

Kwenye ajira, sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Tulizunguka kuuliza, tukakaribishwa chai kila mahali. Wanaotaka kuona inavyowezekana waende Iringa, Neema Crafts, ambako tangu 2003 vijana viziwi na wenye ulemavu mwingine wanatengeneza na kuuza kazi zao, na mgahawani unaagiza chakula kwa alama. Tulipeleka ujumbe mdogo. Kwenye basi la kurudi hakuna aliyelala.

Nililoombwa na baadhi yenu nisiliseme, nalisema. Sheria ya Kanuni za Adhabu bado inafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Maana yake mzazi anayemkimbiza mwanawe hospitali baada ya kunywa sumu ya shambani anawaza polisi kabla hajamwaza daktari, na wengine wanachelewa hapo. Mwanzoni mwa 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliona kifungu kama hicho kwao kinapingana na Katiba. Ghana walibadili sheria yao mwaka 2023. Kamati tendaji imeomba SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu Tanzania, ilibebe jambo hili ngazi ya taifa. Wachungaji wetu wawili hawakufurahi, tukazungumza, wakaomba muda. Muda wanao.

Kuhusu umaskini nitakuwa mfupi kwa sababu mnaishi nao. Viazi vyetu vinaliwa Dar es Salaam, mchele wa Kyela na Mbarali unasifiwa nchi nzima, na bado utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano asilimia 56.9 Iringa na 50.4 Njombe, wakati wastani wa nchi ni 30. Mikoa inayolisha wengine. Mtoto aliyedumaa hadumai urefu tu. Ukiongeza mama aliyeacha kibarua ili amlee mtoto mwenye mgongo wazi, huhitaji dodoso kujua kilichomo sufuriani. Tumeomba kliniki za watoto ziwasajili walezi hawa kwenye mafunzo ya lishe, jibu halijafika.

Mengine kwa haraka. Ada zimekusanywa vizuri kuliko mwaka jana. Viti mwendo vilivyoharibika vimepata fundi pale Mwanjelwa anayetuelewa, ila spea za matairi ya mbele bado tatizo. Kamati za watu wenye ulemavu za mitaa, ambazo zipo kisheria, zimeitisha vikao sehemu chache. Palipo na mwenyekiti wa mtaa mwenye nia zinakwenda, pasipo naye hazipo. Losheni ya jua kwa wenye ualbino ilipatikana kwa vipindi.

Nimalizie na lile linalohitaji kura yenu leo. Kamati tendaji imepokea barua ya timu inayotaka kufanya utafiti mpya kati ya wanachama wetu, kuhusu msongo wa mawazo kwa walezi. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wanacho, tumekiona. Tumewaandikia masharti yetu: mkalimani alipwe kutoka kwenye bajeti yao, mwenye kuhojiwa ajibu mwenyewe kadiri inavyowezekana, mwanachama mmoja awe ndani ya timu tangu kuandika maswali, anayekutwa na hali mbaya apelekwe kliniki siku hiyo hiyo, na matokeo yaletwe kwa Kiswahili hapa ukumbini kabla hayajasomwa kwingine. Wamekubali yote isipokuwa la mwanachama kuwa ndani ya timu. Wanasema ratiba yao imeshafungwa.

Kamati imegawanyika. Wenzangu wanaona masharti manne kati ya matano si haba, na kwamba walezi wanahitaji kusikika sasa. Mimi msimamo wangu ni tuwakatalie mpaka wafungue ratiba. Karatasi za kura zinagawiwa, wasioona watapewa za nukta nundu, na mkalimani yupo mbele kulia kwa mwenye swali.