Mwanangu Mutua, jifunge mkanda kabla hujapanda

Voi, Agosti 2025

Mwanangu Mutua,

Hapa tu wazima. Baba yako mguu umepoa, mvua bado hatujaiona. Hayo nitayarudia. Kwanza ile picha uliyomtumia dada yako. Alinionyesha akidhani nitafurahi. Nimeikuza mpaka ikavurugika, nikakagua mabega, kifua, kiuno na mapaja nikitafuta mkanda wa kukuzuia usianguke, sikuuona. Umesimama juu ya dungu la chuma la kuvizia kulungu, lililofungwa mtini, lenye upana wa sinia, mgongo kwenye msonobari, uta mkononi, unacheka. Nikamwambia dada yako akuulize. Ukamjibu kwa sauti, "Mwambie mama ni mita sita tu."

Mita sita, Mutua, ni kimo cha paa la nyumba hii na mtu mzima amesimama juu yake. Kijana aliyekuwa akikata matawi ya mwembe hapo kwa jirani mwaka jana alianguka kutoka chini ya kimo hicho. Ilikuwa mchana, uani kumejaa watu, gari likapatikana papo hapo. Leo anatembea kwa magongo. Wewe unapanda saa kumi na moja alfajiri, gizani, peke yako, mahali ambapo umesema mwenyewe simu haishiki mpaka urudi barabarani. Ukianguka hapo, nani atakuokota?

Sikukatazi kuwinda. Baba yako anasema nikuache, kwamba mwanamume wa miaka thelathini na tano haandikiwi barua juu ya mti. Mimi nakuandikia. Msimu wa kuwinda kwa uta unafunguliwa huko Georgia, Marekani, katikati ya Septemba na hauishi mpaka Januari, na nikinyamaza sasa nitakuwa nimenyamaza miezi minne.

Usiniambie sielewi uwindaji. Babu yako wewe ulimkuta mzee wa mizinga ya nyuki. Mimi nilizaliwa Kibwezi nyumbani kwa mwindaji, nikalelewa na nyama yake. Tsavo ilipotangazwa hifadhi mwaka 1948 alikuwa kijana, na wakoloni walipoanza kuwasaka wawindaji wa uta miaka ya 1950, Wakamba na Waata wengi waliingia jela. Yeye aliponea chupuchupu, na hilo hakupenda kulisimulia. Mwaka 1977 serikali yetu ilipopiga marufuku uwindaji wote, aliuchomeka uta wake kwenye dari la jikoni na hakuugusa tena. Nilikuwa msichana mkubwa, niliona uso wake siku ile.

Naye alitumia sumu ya msunguti, iliyochemshwa kutwa nzima mpaka ikawa nyeusi na nzito, ikafungwa kwa ngozi isikauke. Mnyama akichubuliwa tu na mshale wake, haendi mbali. Wewe huna sumu. Una uta wa ratili hamsini usio na magurudumu wala kioo cha kulengea, na unategemea ukali wa chembe, ile ncha ya chuma ya mshale, na pale ilipoingia, basi. Ndiyo maana nilijivuna uliponisimulia lile dume la mwaka jana, lilivyosimama mita thelathini mbele yako likila matunda ya mwaloni, nawe ukaulegeza upote, ile kamba ya uta, kwa sababu umejiwekea mpaka wa mita kumi na nane. Nimewasimulia kanisani. Wengi wangeachia. Mnyama angejeruhiwa matumboni, akaenda kufia kichakani na nzi wakamla. Kijana aliyeweza kujizuia kwa ajili ya kulungu anashindwaje kujizuia kwa ajili ya mwanawe aliye nyumbani?

Umesema mkanda unakunasa. Kwamba uta wako ni mrefu, kwamba ukivuta, kamba ya nyuma inagusa kiwiko, na ncha ya chini ya uta inagonga mikanda ya mapajani. Nimelichukua neno hilo kwa uzito. Nikamwendea mtoto wa mama Zawadi, yule anayepanda minara ya simu. Amenieleza vizuri kuliko ulivyonieleza wewe, na alichora kwenye karatasi.

Anasema watu wengi hawaanguki wakiwa wamekaa. Wanaanguka wakipanda, wakishuka, na hasa pale mtu anapotoka kwenye ngazi kuweka mguu juu ya dungu. Kwa hiyo mkanda wa kufunga ukishafika juu umechelewa. Kamba iteremke kutoka juu ya dungu mpaka chini, uifunge siku moja mchana ukiwa na mwenzako, halafu wewe ujiunge nayo ukiwa bado umekanyaga udongo. Kuna kifundo kinachoteleza ukikisukuma kwa mkono na kubana ukikivuta kwa uzito. Unakisogeza juu unavyopanda. Mkanda wenyewe uwe wa mabega, kifua na mapaja. Ule wa kiunoni peke yake unakata pumzi ukining'inia. Ukishakaa, kamba ifungwe juu ya kichwa chako, iwe fupi, isikuache uanguke hata mita moja. Ikitoka juu ya kichwa, iko nyuma ya sikio na haifiki kwenye kiwiko. Kama inafika, anasema, umeifunga chini mno. Zungusha dungu kwenye mti mpaka upande unaovutia uwe wazi. Jaribu mchana, vuta uta mara nyingi ukiwa umefungwa, mpaka mwili uzoee.

Na jambo ambalo sikulijua: ukianguka ukabaki unaning'inia, usitulie hapo ukisubiri msaada. Mikanda inabana mapaja, damu inakwama miguuni, na mtu anaweza kuzimia na kufa akiwa hana hata mchubuko. Uwe na kitanzi cha kukanyagia mfukoni, usimame juu yake, uchezeshe miguu. Na uta usipande nao mkononi. Ufunge kwa kamba chini, na mishale ikiwa imefunikwa ncha, uvute ukishakaa. Chembe inayonyoa nywele itakupasua nawe vilevile.

Hivyo vitu vyote bei yake, umemwambia dada yako mwenyewe, haifiki ile ya mishale ya mti uliyoagiza mwezi wa sita.

Halafu kuna jambo ambalo nalifikiria usiku. Babu hakuwinda juu ya mti. Alikaa chini, nyuma ya matawi aliyoyakata siku tatu kabla ili wanyama wayazoee, karibu na maji, na majivu kwenye kitambaa ya kupima upepo. Alikipiga kitambaa kidogo, akatazama vumbi linakoelekea, na likielekea kwenye maji aliinuka akarudi nyumbani bila kinyongo. Ulipokuwa darasa la tano alitaka kukuonyesha hayo yote, jinsi ya kukaa na jinsi ya kukanyaga. Mimi ndiye niliyekuwa nakuita ndani ukamalize hesabu. Hesabu zimekufikisha Georgia, sawa. Lakini angekufundisha yeye, pengine leo ungekuwa umekaa chini.

Najua kulungu wa huko wenye mkia mweupe wana pua kali, na kwamba ukiwa juu harufu yako inawapita kichwani. Umenieleza. Hata hivyo, siku ambazo upepo ni mzuri, si ukae chini? Uniambie nani amekukataza. Na siku unazopanda, jifunge.

Kuhusu joto sina wasiwasi na akili yako ila nakukumbusha. Septemba yenu inapita nyuzi thelathini mchana, na nyama haisubiri. Ukimpiga mnyama vizuri mapafuni, damu yake itakuwa nyekundu yenye povu, ngoja nusu saa umfuate. Ikiwa nyeusi, ni ini, hapo ngoja saa kadhaa. Ikiwa na uchafu wa tumboni ndipo shida ya nchi za joto inapokuja: ukimfuata mapema atainuka na utampoteza, ukichelewa nyama itaoza. Hakuna jibu zuri hapo, na ndiyo maana babu alisema kazi yote ni kabla ya kuachia. Ukimpata, toa matumbo palepale, chuna upesi, tia mifuko ya barafu ndani ya mbavu na kati ya mapaja, maana nyama huanza kunuka kwenye mfupa wa paja kabla hujaona kitu kwa nje. Acha maji ya barafu yatiririke, usiloweshe nyama. Sisi hatukuwa na barafu. Mama alikata vipande virefu vyembamba, akapaka chumvi, akatundika juu ya moshi mpaka jioni vikawa vikavu. Mpikie mkeo hivyo siku moja, ukiweka na ndengu.

Kupe nao. Yule wa kike mwenye doa jeupe mgongoni ambaye kuumwa naye kunaweza kumfanya mtu awashwe na kuvimba akila nyama nyekundu, sijalisahau. Jikague kila ukirudi, hata nyuma ya magoti. Itakuwa huzuni kubwa mwindaji asiweze kula alichowinda. Na ule ugonjwa wa kulungu wa kukonda mpaka kufa, uliothibitishwa kaunti ya Lanier Januari mwaka huu. Najua ni kusini na wewe uko upande wa Macon, na kwamba haijaonekana ukimpata binadamu. Hata hivyo usile mnyama uliyemwona mgonjwa, usikate uti wa mgongo, na ubongo uachwe.

Karatasi ya ruhusa ya mwenye shamba iwe mfukoni daima, si garini. Ukiona gari usilolijua kwenye njia, rudi siku nyingine. Kijana mweusi aliuawa kwa risasi karibu na Brunswick, jimbo lako hilohilo, Februari 2020, akiwa anakimbia mazoezi barabarani, mchana. Wewe uko msituni na nguo za majani. Hilo naliombea kila usiku kwa sababu dawa yake siijui. Hili la mkanda dawa yake inauzwa dukani, na ndiyo maana sitaliacha. Katika mambo yote yanayoweza kukupata huko, hili ndilo moja unaloweza kulimaliza kwa mikono yako kabla ya kupanda.

Na umwachie mkeo maandishi: mti gani, njia gani, utarudi saa ngapi. Amenipigia yeye mwenyewe, usimgombeze. Alisema Novemba iliyopita ulisema saa nne ukarudi saa nane, na mtoto akiwa na homa. Mimi pia msimu mzima wa mwaka jana nilikuwa nakusikia kwa dada yako. Shangazi yako alipozikwa ulituma pesa nyingi kuliko wote, na watu walishukuru, ila nilitaka sauti.

Uta wa babu uliouomba siutumi. Umekaa kwenye moshi karibu miaka hamsini, mti umekauka kabisa, ukiuvuta utapasuka usoni. Podo lake la mishale lipo, ngozi yake bado nzuri, nimelipaka mafuta ya kondoo. Hilo utalichukua mwenyewe Desemba.

Maana Desemba unakuja. Harusi ya dada yako haina mjadala. Umesema mwenyewe madume huko katikati ya Georgia hupagawa na majike mwanzoni mwa Novemba, ikifika Desemba yametulia. Na nyama mliyo nayo kwenye friza inawatosha watu watatu, hata kama sheria inakuruhusu kulungu kumi na wawili kwa msimu. Wape majirani, kama ulivyofanya. Hilo nalo nilijivunia, sikukuambia.

Ndovu walikuja tena Julai, wakavunja tangi jipya na kung'oa mipapai miwili. Watu wa wanyamapori, KWS, walifika wakaandika, fidia tunangoja. Baba yako anataka tangi la chini lililojengwa kwa mawe, fundi ametaja bei ambayo sitaiandika hapa. Usitume chochote kabla hujanunua mkanda, nasema kweli. Ukituma pesa ya tangi kwanza nitairudisha kwa M-Pesa ya dada yako naye ataifikisha kwako. Michango ya SHA, ile bima ya afya, baba yako amelipa ya mwaka mzima, ila jina lako bado limeandikwa kama mtegemezi, sijui nani aliliingiza. Mbuzi wamezaa, pacha wawili, mmoja dhaifu namnywesha kwa chupa.

Fundi wa nguo za harusi anajaa kuanzia Oktoba. Naomba vipimo vya mkeo kabla ya mwisho wa Septemba: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Vya mtoto aongeze inchi mbili, atakuwa amekua. Vyako sihitaji, suti ya baba yako itapunguzwa.

Mama yako