Kliniki za kisukari zikague miguu ya wagonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi tunaofunga vidonda hulikuta mara kwa mara: mgonjwa wa kisukari anakuja na kidonda cha unyayo kilichokwisha kuoza, na ukimuuliza kama kinauma, anajibu kwamba hakimuumi.

Kutouma huko ndiko chanzo cha balaa. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, mgonjwa akaingiwa na ganzi, hata akikanyaga msumari, akichubuliwa na kiatu au akitia miguu katika maji ya moto asiwe na habari. Madaktari wa Dar es Salaam wamewahi kuandika juu ya wagonjwa waliotafunwa miguu na panya wakiwa usingizini. Mguu wa namna hiyo pia hautoi jasho la kutosha, kwa hiyo ngozi hukauka, ikapasuka magaga na kuwapa vijidudu njia.

Kidonda kikishatokea, mishipa ya damu iliyosinyaa haikifikishii oksijeni ya kutosha, hasa kwa mvuta sigara. Chembechembe nyeupe za damu huchelewa kufika, na zikifika zina nguvu hafifu ya kuua vijidudu. Nyama mpya huota kwa shida. Naye mgonjwa, kwa kuwa hasikii maumivu, huendelea kuukanyagia mguu uleule kila siku, jambo ambalo kwa maoni yangu halitiliwi uzito unaostahili. Wengine hupasua vidonge vya rangi mbili, yaani vya antibiotiki, na kumwagia unga wake juu ya kidonda, ukagandamana na usaha, huku maambukizi yakielekea kwenye mfupa.

Katika kliniki nyingi mgonjwa hupimwa sukari na presha, akapewa dawa na kuondoka bila kuvua viatu. Naziomba mamlaka za afya zihakikishe kwamba miguu inakaguliwa katika kila hudhurio, hadi katikati ya vidole. Uzi wa nailoni unaopinda kwa mkandamizo wa gramu 10, ukigusishwa unyayoni, hutosha kubaini ganzi, na mapigo ya damu mguuni hupapaswa kwa vidole tu. Atakayekutwa na ganzi afundishwe kujikagua kila jioni, kwa kioo au kwa msaada wa mtu wa nyumbani, na kukung'uta viatu kabla ya kuvivaa. Na akiona hata lengelenge dogo, apokelewe siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Muuguzi,
Morogoro