Selemani, lala kwanza

Shangani, Mtwara

Ndugu yangu Selemani,

Assalaam aleikum. Huku wazima, mama mguu unaendelea vizuri na anakusalimu sana. Salamu nyingine nitazimalizia chini, maana hili limenikaa kooni tangu juzi.

Chande kanitumia picha yako. Umekaa juu ya sanduku la spana, kichwa umekiegemeza kwenye tairi la ndege, tochi mkononi bado inawaka. Yeye kaweka vicheko. Nikampigia hapo hapo, akaniambia umeunganisha zamu, umeingia mchana ukapitiliza mpaka alfajiri, kwa kuwa wenzako wanaumwa na ndege lazima iondoke saa kumi na mbili. Eti ukaamshwa, ukanawa uso, ukaenda kusaini kwamba ndege iko sawa kuruka. Selemani!

Kile kisa cha kioo tulichosomeshwa chuoni umekisahau? Juni 1990, ndege ya British Airways imetoka Birmingham, iko futi 17,300, kioo cha mbele cha rubani kikachomoka. Nahodha akavutwa nje nusu ya mwili, wenzake wakamng'ang'ania miguu mpaka wakatua Southampton. Kupona kwake ni kudra za Mungu tu. Kioo kilikuwa kimefungwa usiku wa kuamkia siku moja kabla yake, kwenye saa tisa hadi kumi na moja alfajiri. Aliyekifunga hakuwa mlevi wala mvivu. Alikuwa msimamizi wa zamu, mzoefu, watu hawakutosha akaamua aifanye mwenyewe. Stoo mwanga hafifu, akazilinganisha bolti kwa macho na zile za zamani. Kati ya 90, bolti 84 zilikuwa nyembamba, tofauti haifiki hata milimita moja. Na kazi ile haikuwa inahitaji mtu wa pili wa kuikagua.

Mimi nakuwaza wewe saa hizo hizo. Wale watafiti wa Australia walichapisha mwaka 1997 kwamba mtu akikaa macho saa 17, utendaji wake unashuka kama wa mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Wewe ulipitisha hapo. Ungeingia kazini unanuka pombe wangekufukuza getini, lakini ukiingia hujalala unaitwa mchapakazi.

Juzi nilimsindikiza shangazi uwanjani, anakwenda Muhimbili kwenye kliniki ya moyo. Ndege ikachelewa. Watu wakamfokea yule dada wa kaunta, mzee mmoja akapiga meza kwa bakora. Nilimhurumia dada, lakini moyoni nikasema icheleweni, kama kuna fundi huko kakataa kuharakishwa, Mungu ambariki. Shangazi hajui bolti wala nati. Alikuwa ameshika kikapu chake cha korosho, kafunga mkanda wa kanga kiunoni, anauliza kama dirishani kuna baridi.

Sisemi uache kazi, najua ada za watoto. Nasema ukichoka useme, tena kwa maandishi: nimechoka, kazi hii sisaini, aje mwingine. Atakayenuna anune. Leseni ina jina lako, na siku ya mambo kuharibika aliyekuharakisha hatatafutwa kwanza. Ukibanwa kabisa, basi namba ya bolti isome mwenyewe kwenye kitabu cha vipuri, kisha mwingine asiyetoka zamu moja na wewe airudie. Na hiyo pikipiki ya kwenda Chanika baada ya usiku kama ule... nitakuja kuigombania, mimi na mkeo Zuhura.

Yeye kakwambia? Kalalamika kwangu kwamba hata umri wa watoto huujui.

Hebu nijibu haya. Hao wagonjwa wamerudi kazini? Likizo yako ya mwaka jana uliichukua au imeliwa? Msimamizi wenu anajua ulilala vile, au ndiye aliyekuamsha? Mzee Nandonde bado ana yale maneno ya "ndege haisubiri"? Na Alhamisi umepangiwa usiku tena? Kama ndiyo, nipigie kabla hujaingia, nami nitaongea na Chande akupokee nusu ya zamu.

Wako,
Mwanahamisi